Njano ya Kiini cha Yai

Mama yangu alikataa katakata kuhamia kwangu mjini, Isevya, na sababu yake ilikuwa kuta. Mimi napenda nyumba nyeupe ndani, naona ndiyo usafi. Lakini macho ya mama yalishafifia, na daktari alishatuambia hayatarudi. Kwake, chumba nilichomwandalia kilikuwa ukungu mtupu. Haoni ukuta unaanzia wapi wala kona iko wapi. "Humu napotea, mwanangu," aliniambia, akajifunga kanga yake, akarudi kijijini kwake Goweko na kuniacha nimenuna.

Kule Goweko alikuwa akipika kwa kuni, peke yake, na kuona haoni. Kaka yangu ni jirani yake, lakini tumbaku haimpi nafasi, anashinda shambani. Siku niliposikia mama ameshika chungu cha moto akaungua kiganja, nilimpigia simu kwa hasira, na ile hasira ilikuwa hofu tupu.

"Basi niambie, mama, ni rangi gani bado unaiona vizuri?"

Akajibu: "Njano. Lakini ile ya kiini cha yai. Ile naiona hata kivulini."

Nikamwita fundi rangi, mzee wa mjini, Mwislamu mcheshi ambaye salamu zake peke yake zinamaliza chai. Nikamwambia nataka kiini cha yai, chumba kizima. "Ondoa shaka, dada yangu," akasema. Nami nikaenda zangu kwenye cherehani yangu sokoni.

Niliporudi jioni, lo! Chumba kimepauka kama uji uliozidi maji.

"Fundi, hii ni nini?"

"Kiini cha yai, dada."

"Yai gani hili? Yai la wapi?"

"Yai ni yai, dada! Mimi nakula kila asubuhi, nitakosaje kulijua?"

Nikapandisha mori. Nina mdomo, sikatai. Niliingia jikoni nikachukua yai moja kati ya yale aliyoniletea mama kutoka kwa kuku wake, nikalipasua kwenye sahani mbele yake. Naye hakukubali kushindwa, akaenda duka la jirani, akarudi na lake, akalipasua pembeni ya langu. Tukainama wote wawili. Lake lilikuwa limefifia, hata njano huwezi kuiita. Langu lilikuwa limekolea, linaelekea kwenye wekundu.

"Astaghfirullah," fundi akasema, "kumbe mwenzangu unaongelea la kienyeji!" Akacheka mpaka akakaa juu ya ndoo ya rangi. Nilijitahidi kubaki na hasira yangu, nikashindwa. Nikayakaanga yote mawili kwa kitunguu, tukala tukitazama ule ukuta wetu wa yai la kisasa.

Kesho yake alianza upya, akitia nyekundu tone kwa tone na kukoroga, na kila akikoroga ananiita, "Kuku ameshaota manyoya, dada?" Nami namjibu bado. Tulipofika kwenye kiini chenyewe, nilijua. Mlango tukaupaka kahawia nzito ili ujitenge na ukuta. Na mimi niliyeapa kwamba rangi kali ni za hotelini, nikajikuta naingia chumba kile bila shughuli yoyote, nakaa tu kitandani. Kilikuwa kinapendeza jamani, kina joto hata mvua ikinyesha.

Kaka akamleta mama, akamwacha na kuwahi shambani. Nikampa shikamoo, nikamfikisha hadi mlangoni nikiwa nimemshika mkono. Akauchomoa. Akavuka chumba mwenyewe, bila kupapasa, akakaa kitandani.

"Kona ile pale," akasonta. "Na dirisha ndilo lile."

Niliogopa nikisema neno ataghairi.

Alikaa akiangalia ukuta, kisha ukuta mwingine. Halafu akasema, "Mpigie kaka yako. Mwambie jembe langu amchukulie mkewe."

Jembe lile hakuwahi kumwazima mtu, hata wifi yangu aliyeliomba miaka yote. Alilima nalo akatulea baada ya baba kufariki. Nilikuwa nimepata nilichokitaka, mama amekubali kubaki, na bado moyo ukaniuma. Nikamgeuzia mgongo, nikasimama kimya nikielekea ukutani, nikiamini hataona wala kusikia kitu.

"Usijifiche," mama akasema. "Nakuona mabega. Unalia."