Siku Niliyomvua Mama Gwakisa Bangili kwa Kosa la Gitaa Langu

Aibu nyingine mtu unasingizia shetani, lakini hii yangu niliifanya mwenyewe, mchana kweupe, mbele ya wageni wa harusi nzima, mikrofoni ikiwa mkononi mwangu, kwa hiyo nimeona bora niisimulie mimi kabla hamjaisikia kwa watu wa kijijini kwetu Lufingo, ambao wanaiongezea chumvi kila mwaka.

Mimi ni mwalimu wa hesabu shule ya msingi, na Jumapili napiga gitaa la besi kwenye kwaya ya kanisa letu. Besi ni chombo cha watu wasiopenda kutazamwa (ndiyo maana nilikichagua), kwa sababu ukipiga vizuri hakuna anayekusikia, ukikosea ndiyo wanageuka kukuangalia. Sasa wiki ile tulikuwa tunajiandaa na harusi ya binti wa mwenyekiti wa kwaya, na Jumanne nikiwa sebuleni kwangu nafanya mazoezi, nje mvua inanyesha kama kawaida yetu, nikasikia kila nikigusa uzi mnene kuna kitu kinatetemeka nyuma ya sauti, zzrrr, kama nzi aliyefungiwa kwenye kopo.

Mtu mwenye akili angelibeba hilo gitaa akashuka nalo mjini Tukuyu kwa Mzee Shabani. Huyu ni fundi wa redio na spika, ana kibanda chake nyuma ya soko, babu yake alikuja huku kutoka Tanga na cherehani, na vyombo vyote vya kwaya yetu vinapitia mikononi mwake. Lakini miezi michache nyuma nilikuwa nimeunguza waya wa amplifaya nikijifanya najua, na Mzee Shabani akaniambia mbele ya watu, kwa upole kabisa, "Mwalimu, wewe fundisha, mimi nitengeneze." Maneno hayo yalinikaa. Nikaamua safari hii nitatengeneza mwenyewe, na uamuzi huo mdogo ndio ulionimaliza.

Nikachukua bisibisi. Nikakaza kila kilichokazika na kulegeza kila kilicholegezeka, nikageuza zile skrubu ndogo za pale chini nyuzi zinapokalia, nikachana mto wa kochi nikatoa sponji nikashindilia ndani ya gitaa, na kila nikirudi kupiga, zzrrr iko palepale. Siku ya tatu mke wangu Neema akasimama mlangoni akauliza, "Baba Ipyana, linaumwa hilo gitaa au unaumwa wewe?" Nikamwambia asiingilie, hii ni fizikia. Akaenda zake jikoni.

Ijumaa nikahamia chumbani, nikakaa kitandani, nikageuza zile skrubu mara ya mwisho, nikapiga taratibu ili nisiwaamshe wanangu waliokuwa wamelala mchana. Kimya. Hakuna nzi, hakuna kopo. Nilifurahi hadi nikaimba (haikunijia hata kidogo kwamba kilichobadilika ni chumba, na kwamba nilikuwa napiga taratibu).

Jumamosi maturubai yamefungwa, spika mbili kubwa Mzee Shabani amezipanga mwenyewe, bibi harusi ameketi, na sisi kwaya tumesimama na sare zetu. Upande wangu wa kulia, kama miaka yote, alisimama Mama Gwakisa. Ni mjane wa kijiji cha Kinyala, mkubwa kuliko wote kwenye kwaya, na sauti yake ya pili ndiyo wenzake wote wanaiegemea. Tukaanza. Nikagusa uzi mnene, na kwenye zile spika ikatoka ZZRRR ambayo hata bwana harusi aligeuka.

Ningeendelea kupiga, leo tusingekuwa na la kusimulia. Lakini mimi nilikuwa *nimeshalitengeneza*, kwa hiyo kosa haliwezi kuwa langu. Nikasimamisha wimbo, nikachukua mikrofoni, nikawaambia wageni kuna kitu kinatetemeka humu, tuvumiliane. Nikaomba meza ya sahani isogezwe; kina mama wakabeba sahani na mahotipoti ya ndizi na nyama hadi pembeni. Tukaanza tena. Zzrrr. Nikamwambia mpiga ngoma aondoe ngoma ndogo. Zzrrr. Watu wameanza kunong'ona, jasho linanitoka kwenye baridi ile, na hapo nikaona mkononi mwa Mama Gwakisa bangili tatu za shaba zinagongana.

"Mama Gwakisa," nikasema kwenye mikrofoni, "samahani, ni bangili zako. Naomba uzivue."

Akanitazama. "Hizi hazitoki, mwanangu. Marehemu mzee wangu alinivalisha mwenyewe, mkono ukiwa mwembamba."

Hata hapo ningeweza kuacha. Lakini mshereheshaji, aliyedhani ni mchezo, akaitisha mafuta ya kupikia, shangazi wawili wakaja mbio na kikombe, wakaushika mkono wa mama wa watu wakaupaka mafuta hadi kiwiko na kuanza kuvuta, wageni wanapiga makofi. Mwanzoni Mama Gwakisa alicheka nao, baadaye hakucheka. Ya kwanza ikatoka, ya pili ikatoka na ngozi kidogo, ya tatu ikagoma. Akasema basi, imetosha. Akaenda kuketi viti vya nyuma, akijifuta mafuta kwa kanga.

Tukaanza wimbo. Zzrrr.

Mzee Shabani akainuka kutoka kwenye wageni, na kanzu yake, akaja polepole hadi nilipo. "Piga uzi mnene," akasema. Nikapiga. Akaweka kidole juu ya skrubu moja ndogo ya pale chini nyuzi zinapokalia, na mlio ukakatika. Akainua kidole, ukarudi. "Imelegea. Nani alifungua hapa?"

Mikrofoni bado ilikuwa wazi. "Mimi," nikasema, na spika zote mbili zikasema mimi.

Turubai zima likacheka, bibi harusi akajifunika uso kwa shela. Mzee Shabani peke yake hakucheka. Akatoa kibisibisi mfukoni, akakaza, akanipigapiga begani, akarudi kukaa. Tuliimba vizuri baada ya hapo, isipokuwa kulia kwangu palikuwa na nafasi wazi, na sauti ya pili ilikuwa inayumba kwa kukosa wa kuegemea.

Nyumbani nilimsimulia Neema yote. Akaniambia nipige palepale sebuleni, na gitaa limeshatengenezwa. Nikapiga: zzrrr. Akanyanyuka, akaweka kiganja kwenye kioo cha kabati la vyombo, pakawa kimya. "Ni kioo hiki," akasema. "Nilijua tangu Jumanne, lakini ulisema ni fizikia." Kumbe gitaa langu halikuwa na ugonjwa wowote hadi nilipolitibu.

Jumapili Mama Gwakisa hakuja kanisani. Jumatatu baada ya vipindi nikapanda bodaboda hadi Kinyala, zile bangili mbili alizoziacha harusini nimezifunga kwenye leso. Nilimkuta anamenya ndizi barazani.

"Kalibu, mwalimu," akasema (Kiswahili chake kina Kinyakyusa ndani yake, na siku ile kilinipendeza kuliko changu). "Kaa."

Nilikuwa nimepanga hotuba. Ilinitoka sentensi moja, kwamba nimekosa, nikamkabidhi leso. Alijaribu kuivaa moja, haikupita. Akaziweka zote mbili ndani ya kikombe, kisha akasema, "Sikukasilika kwa sababu ya mafuta, wala kuchekwa. Ungeniuliza kama ni mimi, ningetingisha mkono ukasikia mwenyewe. Wewe hukuuliza. Uliniambia ni mimi."

Nilipoaga alinifungashia ndizi, nikarudi Lufingo mvua ikininyeshea, nimebeba zawadi ya mtu niliyemkosea.

Tangu siku ile bisibisi nimempa Mzee Shabani aitunze, na nimejiapiza: nikisikia mlio mbaya naanza na gitaa, nafuata vidole vyangu, kisha nyumba, na binadamu namfikia mwisho kabisa, kwa kumuuliza, sauti ya chini, bila mikrofoni.

Mama Gwakisa alirudi kwaya Jumapili ya tatu. Alinisalimia vizuri, akauliza habari za Neema na watoto, kisha akaenda kusimama upande wa ngoma. Mpaka leo anasimama huko. Sijamwomba arudi upande wangu. Akipenda, atahama mwenyewe.