Matawi Makavu ya Njia ya Lamadi

Kabla hujaanza kucheka, nikuambie kabisa: pombe sinywi, sigara sivuti, na usiku wa kuamkia siku ile nilikuwa nimelala usingizi wangu wote. Jua lenyewe lilikuwa bado halijazama. Ukitaka kusema niliota, kamwambie mtu mwingine, mimi usiniambie.

Mimi ni dereva wa kirikuu, vile vigari vidogo vya mizigo ambavyo ukikanyaga mafuta sana vinalia kama cherehani. Nachukua dagaa Nassa ziwani, nafika Lamadi, nakunja kwenda Bariadi, nashusha kwa Mama Kulwa sokoni, kesho yake narudi. Ndiyo kazi inayolisha nyumba yangu. Na katika kazi hii sijawahi kumdharau binadamu yeyote kama ninavyowadharau wenye pikapu kubwa.

Unazijua. Zile zilizoinuliwa juu, zina mabomba ya chuma mbele, taa sita juu ya paa, tairi linamfika mtu mzima kiunoni. Nyuma wamebeba nini? Hakuna! Labda kreti moja la soda na kiti cha plastiki. Mimi kagari kangu kanabeba matenga ya dagaa mpaka springi zinalia, yeye ana gari la kubeba nyati wawili na anaenda kununua vocha. Akikukuta mbele yake anawasha taa zote mchana kweupe, anapiga honi, anakupita kwenye kona. Anayekuja upande wa pili ajijue mwenyewe. Halafu likisimama, mlango unafunguka, kinashuka kijitu kidogo, kinashuka kinyumenyume kama mtoto anayeshuka kitanda cha wazazi wake. Hicho ndicho kilichotaka kukuua.

Sasa sikiliza. Msimu wa pamba uliopita, nikitoka Lamadi asubuhi, tairi la nyuma likapata pancha kwenye kona moja baada ya daraja dogo. Kila dereva anajua la kufanya hapo. Nikavunja matawi ya mgunga, nikayapanga barabarani kuanzia kabla ya kona, ili anayekuja ajue mbele kuna gari limeharibika. Tawi refu kuliko yote nikalifunga kitambaa chekundu, kile ninachofutia kioo. Nikaweka mawe mawili kwenye tairi za mbele gari lisiteleze, nikapiga jeki.

Ndipo likaja. Jeupe. Lilipita juu ya matawi yangu bila hata kugusa breki, upepo wake ukanisukuma mtaroni, na kioo changu cha pembeni likaondoka nacho. Niamini, nilikiokota vipande vipande. Na unajua alifanya nini yule bwana? Alipiga honi. Yaani mimi ndiye nilipigiwa honi!

Hasira niliyokuwa nayo siwezi kukusimulia. Nilikaza nati huku natukana matusi ya Kisukuma ambayo babu yangu alinichapa nilipokuwa mdogo nisiyarudie. Nikatupa jeki ndani, nikawasha, nikamfukuza. Matawi nikayaacha. Mawe nikayaacha. Kila dereva anajua vilevile kwamba ukitengemaa unaondoa vitu vyako barabarani, maana matawi yasiyo na gari ni uongo. Lakini mimi siku hiyo nilikuwa na haraka ya kwenda kumtukana mtu.

Nilimkuta Bariadi anakunywa supu. Pikapu ameiegesha mbele ya duka la mzee mmoja wa vitambaa, mlango wote umezibwa, wateja wanapita kiubavu.

"Kaka, umenivunjia kioo," nikamwambia.

Akaniangalia, akaiangalia kirikuu. "Hilo ni gari au kabati?" akasema. "Siku nyingine kaa pembeni, mzee. Barabara ina wenyewe."

Watu wakacheka. Mpaka muuza supu, ambaye namletea dagaa kwa bei ya undugu, alicheka. Nikaondoka nimevimba, na njia nzima ya nyumbani nilikuwa natunga maneno ambayo ningemjibu. Hata nilipoipita ile kona, matawi hayakuja kichwani hata mara moja.

Wiki hiyo mbalamwezi ikaingia. Mbalamwezi ikiwa kubwa ziwani dagaa hawavuliki, kwa hiyo nilikaa nyumbani, nikafunga kioo kipya, nikamsimulia kila aliyekuja habari za yule mpuuzi wa pikapu. Giza liliporudi na dagaa wakarudi, nami nikashuka Nassa.

Nilikuwa napeleka mzigo Bariadi jioni, jua limelalia vilima, nikafika kwenye kona ile ile. Nikaona matawi barabarani. Mabichi, majani yanang'aa. Nikapunguza mwendo, maana mimi si kama wale. Nakuambia ukweli wangu, nilijipongeza kabisa. Nikasema, ona, dereva ni huyu.

Katikati ya barabara alikuwa ameinama mwanamume wa makamo, amevaa koti la kijivu na katambuga za tairi. Alikuwa anachambua yale matawi na kuyatenga mafungu mawili. Gari hakuna, baiskeli hakuna, mtu mwingine hakuna. Nikasimama, nikashusha kioo.

"Mwadila," nikamsalimu, kama tunavyosalimiana jioni huku kwetu.

"Mwadila, ng'wanawane," akaniitikia kama mwanawe, ila uso hakuinua. "Dereva, naomba nikuulize. Haya mabichi ni yangu, nimeyavunja mwenyewe. Haya makavu niliyakuta. Ni ya nani?"

Nikaangalia fungu la pili. Mgunga uliokauka, majani yamepukutika, umekanyagwa na tairi nyingi. Na juu yake kitambaa changu chekundu.

Ungesema nini wewe? Lilikuwa neno moja tu. "Yangu." Nani angenipiga? Palikuwa na mimi na yeye na jioni. Lakini mdomo wangu ulikuwa umezoea wimbo wake, ukauimba.

"Sijui, baba. Labda ya hawa wa pikapu. Hawana adabu hao."

Hapo akainua uso. Usitegemee nikuambie alikuwa na meno marefu au macho ya moto. Alikuwa na uso wa mtu wa kawaida, amechoka, ana mvi kidevuni. Aliniangalia mpaka nikatazama usukani.

"Yule wa pikapu nilimuuliza," akasema. "Alisema si yake. Alisema alikuwa ameshayazoea."

Kisha nikasikia kengele, zile za shingoni mwa ng'ombe, karibu kabisa na mlango wa kushoto. Nikageuka. Pamba tupu shambani, hakuna ng'ombe. Nilipomrudia yule baba, hayupo. Matawi mabichi hayapo, makavu hayapo. Lami ilikuwa safi kama imefagiliwa.

Niliondoa gari kwa gia ambayo mpaka leo siijui. Na kengele zikaondoka na mimi. Nilikwenda mwendo ambao kirikuu haijawahi kwenda tangu itoke kiwandani, lakini zilikuwa pale pale nyuma yangu, taratibu, kama ng'ombe wanaovuta mkokoteni na hawana haraka. Zilikatika nilipoanza kuona taa za Bariadi.

Mama Kulwa alinikuta sokoni bado nimeshika usukani. Huyu ni mama wa watu, ananunua dagaa kwangu tangu nianze kazi, akiniona amenijua. Akaniuliza kama nina malaria. Nikamwambia nimechoka. Akazunguka nyuma kuangalia mzigo, nikamsikia anaita huku anacheka.

"Baba, mbona umeniletea kuni? Haya makavu ni ya nani?"

Yalikuwa juu ya matenga, na kitambaa changu chekundu, na mawe yangu mawili pembeni. Mimi matenga yale niliyafunga turubai Nassa kwa mikono yangu, na kamba hazikuwa zimeguswa.

"Sijui, mayu," nikamjibu, kama ninavyomwita mama yangu mzazi.

Akayaangalia, akaacha kucheka. Ndipo akanisimulia yaliyotokea nikiwa nyumbani. Mtu mmoja wa vijiji vya kule alikuwa analeta pamba kwa mkokoteni wa ng'ombe, gurudumu likavunjika kwenye kona baada ya daraja. Akafanya kama madereva wanavyofanya, akavunja matawi akayapanga. Bado ameinama anapanga, pikapu nyeupe ikaja, ikapita naye. Ng'ombe mmoja alikufa palepale pamoja na mwenyewe.

"Na unajua yule mwenye gari aliwaambia nini polisi?" Mama Kulwa akauliza. "Eti matawi aliyaona. Ila yalikuwa pale siku zote hizo, kila akipita anayakuta na gari hakuna, akajua ni yale yale."

Sikula siku ile. Wiki iliyofuata nikaenda msibani, nikapeleka ndoo ya dagaa. Mjane akanipa kigoda na maji ya kunywa, akaniuliza nilimjuaje mumewe. Nikamwambia tulikutana barabarani. Akasema wabeja, asante, umefanya utu. Nilikunywa yale maji yote kwa sababu kikombe kilinisaidia kutoongea.

Yule wa pikapu aliwekwa ndani, akatoka, kesi haijaisha. Juzi nimemwona, amefunga taa nyingine mbili. Bado namdharau, tena sana, na sitaomba radhi kwa hilo. Lakini nyani haoni kundule. Siku hizi nikianza kumsema mbele za watu, nasikia kengele moja, mbali, natafuta habari nyingine ya kuzungumza.

Na kila nikipita ile kona, ninaposhusha mzigo Bariadi nakuta juu ya matenga tawi moja kavu la mgunga. Moja tu. Nimebadilisha turubai, nimebadilisha kamba, nimejaribu kupita asubuhi. Mama Kulwa haulizi tena. Analichukua, analiweka pembeni, ananiangalia.

Kwa hiyo wewe unayeendesha, nakuonya. Siku ukiharibikiwa na mpumbavu mmoja akakupita na honi yake, mwache aende. Ukikaza nati ya mwisho, rudi nyuma kwa miguu, okota matawi yako yote, ondoa mawe yako, ndipo uwashe gari. Anayekuja nyuma yako anayategemea yaseme kweli.

Kigoda cha mjane yule bado nakikumbuka, na nyumba yake naijua. Mpaka naandika haya, hakuna niliyemwambia, si yeye, si Mama Kulwa, si mke wangu. Wewe ndiye wa kwanza. Yale makavu yalikuwa yangu.