Wali Niliopika Bila Kuonja

Siku yangu ya kwanza kazini nilimwaga wali wa watu. Naanza na hilo kwa sababu wajukuu wangu hawachoki kulisikia, na kwa sababu yote yaliyofuata yalitoka humo.

Niliajiriwa kuosha vyombo katika mkahawa wa sushi hapa Merrylands, ughaibuni, karibu na stesheni. Ilikuwa miaka ile ya elfu mbili na kumi na kitu, nami nilikuwa mtu mzima tayari, nimetoka Tanga kumfuata mwanangu, sijui sushi ni mnyama gani. Kando ya sinki palikuwa na beseni pana la mbao, limefunikwa kitambaa kibichi. Nikafunua. Wali mweupe, vuguvugu, unanuka uchachu. Kwetu wali wa namna hiyo haujadiliwi. Kuuliza si ujinga, lakini mimi sikuuliza. Niliumwaga wote pipani, nikalisugua beseni kwa sabuni, nikajiona mfanyakazi hodari.

Mkubwa wa jiko alikuwa mzee wa Kijapani tuliyemwita Taisho, ndilo jina la heshima la mkata samaki anayesimama kaunta. Mkewe, msimamizi wa wateja, tulimwita Okami. Taisho alikuja kuchota wali, akaliangalia beseni, kisha akaniangalia mimi.

"Wali uko wapi?"

"Umechacha," nilisema, Kiswahili kikinitoka kwa woga. Nikamweleza kwa Kiingereza changu cha kuokoteza kwamba umeharibika, unanuka siki.

"Unanuka siki kwa sababu nimetia siki."

Okami alicheka hadi akaegemea friji. Taisho hakucheka. "Aliyemwaga atapika," alisema. "Osha mikono, Zuhura-san."

Ndipo nilipoanza kufundishwa. Sushi ni tonge la wali lenye samaki mbichi juu, na mchele wake ni mfupi na mnene. Unaoshwa mpaka maji yatoke maangavu, unaachwa ujichuje, ndipo unapikwa. Hautiwi nazi wala chumvi, na ukoko ni aibu, jambo lililonihuzunisha sana. Ukiiva unapinduliwa kwenye beseni la mbao ili linyonye unyevu, siki inamiminwa juu ya mwiko isambae, halafu wali unakatwa kwa ukingo wa mwiko huku mwingine akipepea. Haukorogwi. Ukiukoroga umepata uji.

Tulipomaliza alichota kidogo kwa ncha ya mwiko akaninyooshea. "Onja."

Nikauliza siki ile ina nini. Siki ya mchele, alisema, sukari, chumvi, kipande cha mwani, na sake kidogo, yaani pombe ya mchele. Ndivyo alivyochanganya baba yake.

"Sitii pombe mdomoni, Taisho."

"Imechemshwa."

"Hata ikichemshwa."

Akaushusha mwiko. "Katika jiko hili asiyeonja hapiki wali. Rudi kwenye vyombo."

Mimi wali ule nilikwisha kuutaka. Nyumbani nilikuwa mpishi wa shughuli, nikipikia harusi na maulidi kwa masufuria ya kubebwa na wanaume wawili. Leo nije nizeekee sinkini? Roho ilikataa.

"Mwezi wa Ramadhani napika futari ya ukoo mzima nikiwa nimefunga," nilimwambia. "Sionji hata tone. Na hajatokea mtu wa kulalamikia chumvi. Nipe mpaka Jumamosi."

"Jumamosi watu wanajaa," Okami alisema.

"Vizuri," Taisho alisema. "Akishindwa tutajua upesi."

Siki aliendelea kuichanganya mwenyewe. Kazi yangu ilikuwa kupika na kumimina. Wapo walionisema msikitini hata kwa hilo. Kila mtu atajibu la kwake.

Jumamosi ilifika. Madereva wa malori waliotoka bandari ya Port Botany walikuwa wamebanana kaunta, familia zimeunganisha meza, watoto wanagombea edamame, yale maharage mabichi ya soya, vijana wanapiga picha samaki badala ya kumla. Kila mlango ulipofunguka sote tulipaza sauti, "Irasshaimase," ndiyo karibu yao. Ulimi wangu uliligomea neno hilo, basi nikawa napaza, "Karibuni." Hakuna aliyejali, ila muuguzi mmoja wa Kenya aliyeingia na sare zake za kazi, jina lake Kerubo.

"Ai, nani amesema karibuni hapo nyuma?"

"Mimi, mwanangu. Kaa ule."

Akala kipande cha kwanza, akakunja uso. Taisho alikuwa mbele yake, kisu mkononi, anamtazama. "Mama, mbona huu mchele ni sour hivi? Umeharibika ama?"

"Mchele uko guniani," nilimjibu. "Huo ni wali. Na ndivyo unavyotakiwa. Kula cha pili ndipo useme."

Akala cha pili. Akala cha tatu. "Sawa basi, wali. Niongezee plate ingine, Mama, nimetoka double shift."

"Amesema nini?" Taisho aliuliza.

"Amesema aongezwe."

Taisho akachota wali wangu, akatafuna polepole, macho darini. Mkahawa mzima ulikuwa ukipiga kelele, mimi sisikii kitu. "Jumatatu uje mapema," alisema hatimaye. "Sinki nitalitafutia mtu."

Vijana huniuliza nilijuaje wali umekubali. Kwa pua kwanza: siki ikizidi inachoma, sukari ikizidi harufu inalala. Kisha kwa vidole: punje ishikane na mwenzake lakini isimng'ang'anie. Kisha kwa jicho, uwe na mng'ao kama uso wa mtu aliyetoka kupaka mafuta. Haya hayaandikwi, mtu unayazoea.

Taisho naye alijifunza neno moja la Kiswahili, lile la siku ya kwanza. Kila siku kabla ya kufungua aliinamia beseni langu, uso mkavu, akauliza, "Umechacha?" Nami nikajibu, "Bado, Taisho." Ndiyo ilikuwa ruhusa ya kufungua mlango.

Siku moja nilimweleza kwamba kwetu mwiko ni hicho alichoshika mkononi, na mwiko vilevile ni jambo lisilofanywa. Alifurahi sana. Alisema basi jikoni mna miiko mitatu: wa mbao, wangu wa pombe, na wake wa kutobadili siki ya baba yake. Sikuwahi kumwomba aibadili. Mwacha mila ni mtumwa, na mimi niliyeshika yangu nililijua hilo.

Sasa nimestaafu. Magoti ya Taisho yaliharibika, akauza mkahawa, nami sikutaka kupikia mwingine. Wajukuu wananielewa Kiswahili na kunijibu kwa Kiingereza, na nikiwapikia bado nasahau kuonja. Ninachowaambia kuhusu kazi ni kidogo: kuheshimiwa ni kutamu kuliko kusifiwa. Nilijifunza hilo siku ya mwisho.

Siku hiyo hatukufungua. Okami aliniita niingie kwa mlango wa wateja, jambo ambalo sikuwahi kulifanya. Taisho alikuwa kaunta, amevaa joho lake jeupe. Akapaza sauti peke yake, "Karibuni," kwa wingi, ingawa nilikuwa mmoja. Sikumsahihisha.

Akanikalisha. Akaweka mbele yangu kibakuli cha wali mtupu.

"Siki, sukari, chumvi, mwani," alisema. "Basi."

"Na siki ya baba yako?"

"Baba yangu hakukufahamu," alisema.

Nikasema bismillahi, nikatia mdomoni. Ladha ile niliijua kwa pua na vidole miaka yote. Ulimi tu ndio ulikuwa umechelewa. Nililia, sioni haya kusema. Yule mzee akainama juu ya kaunta, uso mkavu kama kawaida yake.

"Umechacha?" aliuliza.

Nikameza. "Bado, Taisho," nikamwambia. "Bado."