Herufi Tatu Juu ya Kaburi la Mchonga Mawe

Wilfred Ormerod alichonga mawe ya makaburi huko Lancashire, Uingereza, kwa miaka arobaini na moja, na hakuchonga R.I.P. hata mara moja. Wafiwa wakiziomba herufi hizo, aliweka patasi chini.

"Hiyo ni sala, bwana," aliwaambia. "Mkeo umeishi naye miaka thelathini, leo unamuaga kwa herufi tatu? Nitaandika yote: Pumzika kwa amani."

Alifariki mwezi Machi. Jiwe lake likangoja hadi udongo utulie. Oktoba, binti yake Doreen alifika kwenye makaburi ya kanisa na maua mkononi, akalikuta limeshasimamishwa. Juu, samaki mkubwa aliyechongwa kwa mashine. Chini ya jina la baba: R.I.P.

Damu ikamchemka.

"Clive! Nani kafanya haya?"

Kaka yake alikuwa akilipangusa jiwe. "Mimi. Nafasi haikutosha, Dor. Baba alipenda kuvua."

"Kuvua alivua Jumamosi. Kusali alisali kila siku! Kasisi katia saini karatasi ya kibali cha jiwe, yenye maneno kamili, nawe ukaenda kuyakata kwa ajili ya samaki?"

"Maana si ileile? Siku hizi kila mtu anaandika hivyo."

"Kila mtu hakulelewa na Wilfred Ormerod! Umemfanyia lile alilowakatalia watu maisha yake yote, maana sasa hana mdomo wa kukukatalia."

Clive akajaribu mzaha. "Samaki lakini kapendeza."

"Kavimba kama wewe."

Clive hakucheka. Ujanani, kabla hajaenda kuendesha mabasi, Clive alisimama miaka mitatu kwenye meza ya baba akijifunza kuchonga. Alizunguka nyuma ya jiwe, akalipapasa kwa kiganja. Laini, halina hata mkwaruzo.

"Patasi zake unazo bado?"

"Zipo. Nazipaka mafuta kila mwezi."

"Basi tutaligeuza, nichonge upande huu. Ila nitakwenda polepole, Dor. Mkono wangu si wake."

"Nenda polepole. Baba hana haraka."

Ilimchukua wiki tatu kuandika yote yaliyokuwa kwenye karatasi ya kasisi. Herufi zilipinda kidogo. Neno la mwisho lilipokamilika, Doreen alipiga magoti kwenye nyasi mbichi, akaisoma sala yote kwa sauti, asiruke kitu.

Samaki yupo bado, upande wa nyuma, anatazama ukuta wa makaburi. Doreen hajamsamehe.