Siku Syombua Alipoomba Maji Kanisani

Dada yangu Syombua akifunga, amefunga kweli. Sisi wengine tunaacha chakula na kuendelea na chai ya rangi, tukijifariji kwamba chai si chakula. Yeye hata maji hagusi. Kuanzia Ijumaa jioni mpaka ibada ya Jumapili iishe, kikombe hakioni, na kwa jua la hapa Nuu hiyo si kazi ndogo. Ndiyo maana kanisani walimfanya kiongozi wa waombaji. Akisimama kuomba, hata watoto wananyamaza. Mimi ni mdogo wake, naitwa Kaveke, na nilishachoka zamani kulinganishwa naye.

Ana mbuzi. Anawapenda kuliko anavyonipenda mimi, anawazalisha kwa mikono mitupu, na maziwa yao anayanywa yakiwa bado na joto la kiwele. Ukimwambia ayachemshe, anacheka. Basi mwaka huu viungo vikaanza kumuuma, na homa ikawa inakuja jioni na kuondoka asubuhi. Kituo cha afya wakampima wakakuta brusela, ugonjwa wa mifugo unaoingia kwa watu. Wakampa dawa mbili za kutumia pamoja kwa wiki kadhaa, maana moja peke yake haiumalizi. Muuguzi alimwonya kwamba mojawapo ingemgeuza mkojo rangi ya machungwa, asishtuke. Alimwambia pia ameze kwa maji mengi. La mkojo alilishika.

Ijumaa ikafika, siku ya kufunga. Syombua akakata shauri: dawa haachi, na mfungo hauvunji. Akawa anameza kapsuli kwa mate tu, kisha anajilaza palepale kwa uchovu.

Jumapili nilimpikia uji. Funda la kwanza tu, akashika kifua, machozi yakamtoka. Nilijua anachowaza. Baba yetu alikufa kwa kansa ya koo. Isyo, yale mahindi na maharagwe yetu, ndiyo iliyoanza kumkwama, kisha ugali, kisha uji, mwishowe hata maji yakawa yanarudi. Tulimlisha kwa kijiko kidogo, mimi na Syombua kwa zamu. Sijawahi kuona njaa kama ile katika nyumba yenye chakula.

Aliacha dawa. Akakonda, akaanza kugawa vitu. Kitenge chake kizuri akaniletea mimi. Nilikitupa kitandani pake nikamwambia sirithi nguo za mtu aliye hai.

"Twende hospitali, Mama Mutisya," nikasema, nikimwita kwa jina la mwanawe.

"Nikijua itanisaidia na nini? Baba si alijua?"

Nilikuwa nimesikia kwamba mjini Mwingi kuna watafiti wanaochunguza magonjwa ya umio, ile njia ya chakula kutoka kooni kwenda tumboni. Mtu anayekwamwa na chakula walikuwa wakimpima kwa kamera bila malipo. Nikamwambia tunaenda kununua chumvi ya mbuzi. Kwa ajili ya mbuzi, akaja.

Alipojua tulikofika alininyima macho, lakini kelele hakupiga. Mtafiti alikuwa msichana mpole, Gakenia, mtu wa Murang'a. Akamuuliza kama anakunywa chai ya moto sana, kama alivuta tumbaku, kama kuna mtu wa familia aliyeugua. Syombua alijibu kama aliye mbele ya kiti cha hukumu.

"Na kuna dawa yoyote umekuwa ukitumia, mum?"

"Za brusela. Niliacha."

"Ulikuwa unameza na nini?"

Syombua akageukia dirisha. Uvumilivu ukaniisha. "Na mate!" nikasema. "Alikuwa amefunga. Anameza kavu halafu huyo, kitandani!"

Syombua aliniangalia kana kwamba nimemvua nguo sokoni. Gakenia akaweka kalamu chini.

Kamera ikashushwa. Daktari alituonyesha kidonda chekundu katikati ya umio, mahali kapsuli ilipokwama na kuchoma. Walichukua kinyama kidogo wakakipima, na majibu yakaja: si kansa. Kidonda kingepona kwa dawa, kisha aanze upya zile za brusela, ameze kwa glasi nzima ya maji akiwa ameketi wima, na asilale mara moja. Gakenia alisema swali hilo la kumeza sasa wangemuuliza kila mgonjwa.

Syombua alilia pale kwenye korido bila kujificha. "Kaveke, nilikuwa nimeshaaga hata mbuzi!" Nikamkumbatia, mimi nisiyemkumbatia mtu.

Lakini mfungo mwingine ukaja, na dawa zilikuwa hazijaisha. Akaniambia atakuwa anatoka kumeza nyuma ya kanisa.

"Unamficha nani?" nikamuuliza. "Mungu pia yuko huko nyuma."

Jumamosi waombaji walipokusanyika, alisimama mbele. Nilidhani anaanza sala. Akafungua mkoba, akatoa dawa zake, akasema, "Mnisaidie maji." Hakuna aliyesogea. Nikampelekea kikombe mwenyewe, naye akaketi wima na kukinywa chote huku wote wakimtazama.

Ndipo Mbithe, mkubwa wa waombaji wote kwa umri, akaanza kupekua kikapu chake. Akatoa vidonge vya presha.

"Mimi hizi huwa naacha mpaka Jumapili," akasema. "Ile siku nilianguka jikoni, nikasema ni joto."

"Na mbona hukusema, mama?" Syombua akamuuliza.

"Ningesema aje? Si Mungu niliyekuwa namwogopa, Mama Mutisya. Ni wewe."

Syombua alibaki na kikombe kitupu mkononi. Kisha akatoka nje mpaka kwenye tangi, akakijaza, akarudi akapiga magoti mbele ya Mbithe, akamshikia kikombe mpaka akameza.