Mafuta Yasiyoyeyuka

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nimesimama kwenye meza ya minofu kiwandani, kisu mkononi, miguu ikaniishia nguvu mbele ya watu wote. Nisikufiche: kilichoniuma zaidi hakikuwa ubavu wangu mgonjwa. Kilichoniuma ni kushikwa makwapa na kutolewa nje, mimi niliyekuwa nawashinda wote kwa kisu.

Ndiyo, niliwashinda, na nalisema bila haya. Ilikuwa miaka ya tisini, viwanda vya sangara vimefunguliwa Mwanza kila upande, na binti wa Kisesa aliyekulia kwenye pamba na ng'ombe akajikuta amevaa buti nyeupe na kofia ya nailoni. Nilipanga chumba Igoma. Sangara mkubwa nilimtoa minofu miwili safi kabla jirani yangu hajamaliza upande mmoja, na mapanki yangu, ile mifupa na kichwa vinavyobaki, hayakuwa na nyama ya kumshibisha hata paka. Wanunuzi wakija kutembelea kiwanda, msimamizi aliwaleta mezani kwangu.

Basi ubavu wa kushoto ukaanza kunisumbua. Nikaenda hospitali, nikapigwa picha ya altrasaundi, na daktari, kijana wa Magu mwenye sauti ya upole, akanieleza kwa kirefu. Alisema figo yangu ya kushoto ina uvimbe. Ni wa aina isiyoonekana mara nyingi, una mafuta ndani, na kwa alivyouona si saratani, ingawa angekuwa na hakika akishautoa na kuupima. Alisema umekuwa mkubwa na mishipa yake ni dhaifu, unaweza kupasuka ukavuja damu tumboni, kwa hiyo utolewe mapema.

Maneno yote hayo nayajua leo. Siku ile nilisikia mawili tu: si saratani, na mafuta.

Sasa mtajie mtu wa sangara habari za mafuta. Tulikuwa tunayakwangua kwenye minofu kila siku, na akina mama wa nje ya kiwanda waliyatia kwenye sufuria, yakayeyuka, wakakaangia samaki. Nikajiambia, kama ni mafuta, yatayeyuka. Na nikilazwa wiki kadhaa, nani atasimama mezani kwangu? Nikaenda Kisesa kwa shangazi yangu, nikamwomba anikande kwa maji ya moto. Shangazi alikuwa na mikono, Mungu amrehemu. Siku tatu alinikandamiza ubavu kwa taulo lililotoka kwenye maji yanayochemka, na mimi namhimiza aongeze. Siku ya nne nikarudi kazini najiona mjanja. Asubuhi hiyo mkojo ulitoka mwekundu, nikashika kisu hivyohivyo. Kabla ya saa nne nilikuwa chini.

Aliyenipeleka hospitali ni Mama Kulwa, mkubwa wetu pale mezani. Njiani nilimweleza habari za taulo. Nilitegemea anionee huruma, lakini huyo mama hakuwa na huruma ya bure.

Mezani kwetu alikuwa ameweka desturi moja. Hakuna aliyegusa kisu kabla ya kurudia agizo la msimamizi kwa sauti: ngozi itoke au ibaki, mafuta yatoke yote au yaachwe, mnofu uwe na ukubwa gani. Hata mimi bingwa nilirudia.

“Kila asubuhi unarudia agizo la samaki,” aliniambia tukiwa kwenye benchi la hospitali. “Agizo la mwili wako ulilirudia kwa nani?”

Nikamwambia ubavu unaniuma.

“Nakuuliza. Ulilirudia kwa daktari?”

“Sikulirudia, mama.”

“Basi umekwenda kukaangwa ungali mzima.”

Daktari alipofika akamwamkia, “Shikamoo, mama.” Akaitika, “Marahaba. Mweleze tena, baba, na usiondoke mpaka ayarudie yote.”

Akanieleza. Nikarudia, maana sasa ndipo nilikuwa nasikia. Nilisema, “Uvimbe umeanza kuvuja damu. Utanipasua leo. Utatoa figo.” Akanikatiza: “Hapana. Nitatoa uvimbe, figo nitajaribu kuiacha. Damu ikinishinda ndipo nitaitoa yote, na hiyo nyingine itakutosha.” Nikarudia na hilo, mpaka likakaa. Niliogopa kufa, mwanangu, lakini niliweka sahihi nikijua ninachokubali.

Nilipozinduka swali langu la kwanza lilikuwa, “Figo ipo?” Daktari akasema ipo, ametoa uvimbe na kipande kidogo tu. Nilipopata nguvu nikambana anieleze alipitisha kisu wapi. Akachora kwenye karatasi: mpaka kati ya uvimbe na nyama nzima, jinsi alivyoufuata, mishipa aliyoifunga, na jinsi alivyoishona figo. Nilimwangalia nikajua huyu ni mwenzangu wa kisu. Nami nikamweleza jinsi ya kutoa mafuta ya sangara bila kuchubua mnofu, akasikiliza kwa makini kabisa. Majibu ya kipimo yalirudi baada ya wiki kadhaa: si saratani.

Kovu langu linaanzia ubavuni linakuja mpaka karibu na kitovu. Nimelionyesha kwa watu wengi kuliko picha yangu ya harusi, kwa sababu kazi ile ilifanyika hapahapa Mwanza, kwa mikono ya mtoto wa Magu. Nilirudi mezani, nikaja kuwa msimamizi, nikazaa watoto watatu. Figo zangu ninazo mbili, moja imepunguzwa kidogo.

Sasa nikuambie unachopaswa kushika. Usijivunie kazi yako mpaka ukadhani kila neno unalolijua kazini lina maana ileile kila mahali. Mafuta ya sangara ni mafuta, na ya figo yangu yalikuwa mafuta, lakini moto wa shangazi ulikaribia kuniua. Ukienda kwa daktari, usinyanyuke kwenye kiti kabla hujarudia mbele yake yote aliyosema, naye akakusahihisha. Usione haya. Mimi bingwa nilisahihishwa, na sahihisho lile ndilo lililonipa ujasiri wa kuweka sahihi.

Mungu akupe kazi ya kujivunia, mwanangu, na mtu wa kukuuliza kama Mama Kulwa. Haya, hebu rudia nilichosema.