Neno la Mwisho la Bibi

Harufu ya karafuu maiti hunirudisha Kikoneni hata nikiwa sokoni na kikapu changu cha vitunguu. Ulikuwa msimu wa korosho, miaka ile bendera mpya ingali ngeni machoni petu. Bibi alikuwa amelazwa chumbani, amefunikwa leso zake, na harufu ile ilikuwa imeenea nyumba nzima hadi barazani, ambako wanawe wawili wa kiume walikuwa hawajakubaliana azikwe Kiislamu au Kikristo.

Baba alikuwa amebatizwa Yohana na alifundisha katekisimu. Kaka yake, baba mkubwa, alikuwa mwalimu wa Kurani huko Msambweni, na hakuwahi kumwita ila Hamisi. Tangu ubatizo ule hawakula tena sahani moja. Kilichobaki kati yao ni ubishi, tena ubishi wa vitabu. Baba mkubwa alipenda kuuliza habari za asubuhi ya kaburi la Yesu: Injili moja yamtaja mwanamke mmoja, nyingine wawili, nyingine watatu, na hao walioandika, waliyaona kwa macho yao au walihadithiwa? Baba alimjibu kwamba mashahidi wakifanana neno kwa neno, basi wamefundishana. Mimi nilisikiliza huku nikichambua mchele, nikidhani ni mambo ya mbali, yasiyotuhusu.

Bibi alikata roho mbele ya wanawake watatu: mama yangu, shangazi Mwanasha, na jirani yetu Mejumaa. Baba mkubwa akawaita barazani mmoja mmoja. Shangazi alisema marehemu aliinua kidole akatoa shahada. Mama alisema alimtaja Yesu. Mejumaa alisema yeye alisikia "Mlungu" tu, jina la Mungu kwa Kidigo, ambalo wa msikitini na wa kanisani wote hulitumia. Niliwajua wote watatu, na hakuna aliyekuwa akidanganya. Nilishikwa na hofu. Kumbe jambo la asubuhi ile ile, chumba kile kile, lingeweza kutuponyoka hivyo.

"Sasa tumfuate nani, Hamisi?" aliuliza baba mkubwa.

"Waulize kabla ya hapo alisema nini, kaka."

Wakaitwa tena, mmoja mmoja. Kila mmoja alisema kwa maneno yake, lakini jambo lilikuwa moja: bibi aliuliza kama wanawe wamekula. Hawakulitaja mwanzo kwa sababu halikuwa la dini, wala halikumpa mtu ushindi. Baba mkubwa alijifunika uso kwa mikono akalia.

"Mzike wewe, kaka," baba alisema. "Mimi nitasimama pembeni."

"Kwanza njoo tule."

Majirani walikuwa wameleta sima na mchicha. Walikula sahani moja, kisha wakaenda kumzika mama yao.

Nimefundisha historia miaka mingi. Wanafunzi wakiniuliza kuhusu Wakristo wa kwanza, nani wa kuaminiwa, huwaambia watafute lile wanalokubaliana mashahidi bila kulipigania. Baba na kaka yake wamelala sasa katika makaburi ya mbali mbali. Wajukuu wao hutumiana aya kwa simu, kila mmoja akitaka kumshinda mwenzake, na hoja zao ni kali kuliko za wazee. Bibi alikufa katika dini gani, hadi leo sijui. Ila sijamsikia hata mmoja wa wajukuu hao akimwuliza mwenzake kama amekula.